Kahawa ya Matanga Yangu

Tegeni masikio, wanangu, na wewe Nawaf hiyo simu iweke hapa kwenye mto, isije ikarekodi feni ikamwacha baba yako, maana haya ninayoyasema leo sikuhadithiwa na mtu wala sikuyaokota kijiweni. Yote nimeyaona mie mwenyewe, Khalil, kwa macho haya mawili, na hili la kushoto mnaloliona na ukungu, enzi zake lilikuwa linahesabu sisimizi darini. Wahiba, futa machozi. Daktari kasema kilichochoka ni moyo, ulimi hakuutaja. Miaka hamsini na nane si uzee, najua, wenzangu wa umri huu wanatafuta mke wa pili, lakini mtu haichagui siku yake kama achaguavyo tikiti maji, kwa kuligongagonga. Nimeitwa mapema, nitaitika, na nikienda nataka niende mwepesi.

Mirathi sitaigusa. Nyumba hii ya Mtoni na duka la mbele, shekhe atakuja na vitabu vyake atawagawia kwa haki ya kila mmoja, ila mama yenu Mauwa asihamishwe chumba chake hata kwa siku moja, hata kwa kupaka rangi. Mie nausia vile ambavyo shekhe hatavitia kwenye mafungu: kinu, dele la kumiminia kahawa, kikaango, na neno moja nililolikalia miaka tisa kama kuku aliyekalia yai viza.

Na ninachotaka ni kimoja. Siku ya tatu ya matanga yangu, watu watakapokuja kusoma hitima, ami yenu Jaffar, mdogo wangu wa tumbo moja, akae kwenye baraza ya nyumba hii na anywe kahawa kutoka mikononi mwenu. Si ya kukodi, si ya kuletwa na wapishi wenye sare. Mikononi mwenu. Naona, Nawaf, ushaanza kuvuta midomo. Vuta tu. Ukimaliza kuvuta, sikiliza, kwa sababu nilipozaliwa mie hakukuwa na mtu mwingine wa kugombana naye nyumbani mpaka alipokuja yeye, na miaka hii tisa bila yeye nimegombana na redio.

Basi kwa kuwa ni kahawa, ichukueni kahawa kwa aliyeijua. Toka Mtoni mpaka Mbagala, na mkitaka vukeni mkaulize mpaka Kinondoni, hajatokea wa kukaanga buni akanizidi. Mzee Albano, jirani yetu mchonga vinyago, alilala na homa siku tatu, watu wakaanza kuulizana bei ya mbao za jeneza. Nikampelekea kikombe kimoja, kimoja tu, akanywa, akaketi, akadai tezo lake, na kabla ya magharibi keshachonga tembo mzima, ila kwa zile nguvu za ghafla pembe akazitia upande wa mkia. Nilikuwepo. Tembo yule alipata mnunuzi siku ya pili yake, Mzungu mmoja, anasema hajawahi kuona wa namna ile.

Buni chukueni za Mbinga. Wajomba wa mama yenu hutuma kwa basi. Zamani nilikuwaga nazifuata Ubungo, siku hizi ni Mbezi Luis, na muwahi stendi wenyewe, msimwachie kondakta akazilaza pamoja na samaki wakavu wa Ziwa Nyasa, maana buni ni kama mwari aliyefungiwa ndani, hunusa kila kinachopita dirishani na hakisahau. Zichambueni kwenye ungo. Punje nyeusi toa, iliyotobolewa na mdudu toa, kijiwe toa. Samaki mmoja akioza, mnajua wenyewe.

Kukaanga, kikaango kiwe cha chuma, kikavu, bila tone la mafuta, moto wa mkaa ulioshusha hasira, na mwiko usisimame. Wahiba, nakujua mwanangu, wewe unakaanga huku unachati. Buni haitaki mtu mwenye wapenzi wawili. Zitatoka kijani ziende manjano, zitanukia kama mkate, halafu zitaanza kulia, ta, ta, ta. Ziache zilie. Zikinyamaza, na rangi ikawa kama mbao ya mninga iliyopigwa msasa, epua hapo hapo. Watu wa mji huu wamezoea kunywa makaa, wanadhani ule uchungu ndio kahawa, kumbe uchungu wa kahawa na uchungu wa kuungua ni vitu viwili, kama msiba na ugomvi: vyote vinaumiza, lakini kimoja kina heshima. Mimina kwenye ungo, toka uani, pepeta mpaka zipoe na maganda yaruke, tia kwenye kopo, funika, zilale. Usizitwange siku hiyo hiyo. Mtu aliyetoka motoni mpe usiku mmoja kabla hujamuuliza maswali.

Twanga ya kutosha siku hiyo, usitwange ya wiki. Kinu cha kahawa ni cha kahawa, atakayeponda humo kitunguu saumu nitamjia ndotoni na mchi. Unga uwe kama chenga za dona, usiwe poda. Maji yakishachemka yaepue, vuta pumzi kumi, ndipo utie unga, kijiko cha chakula kimoja kilichofura kwa vikombe vyetu vitatu vidogo. Koroga mara moja, rudisha kwenye moto mdogo, povu likipanda ondoa, likishuka rudisha, mara tatu, basi. Kahawa si maharage. Tangawizi kipande cha ncha ya kidole gumba, ipondwe tu, isije ikawa ndiyo inayoongoza kikao. Nyunyizia kijiko cha maji baridi, machicha yazame, kisha acha itulie kwa muda wa kusoma Kulhuwallahu tatu bila kukimbia. Dele lisuuzwe kwa maji moto, sabuni isilikaribie. Na ile mashine yako ya kubonyeza, Nawaf, uliyoiokota mtumba Kariakoo, siichukii, inapiga kelele kama bodaboda na kutoa kahawa ya kumtosha paka, lakini buni zikiwa zimeungua hata uibonyeze kwa goti haitakuokoa.

Nipeni maji kidogo. Kidogo, nimesema, nisioge.

Maji. Nimeyaacha mwisho makusudi, maana hapo ndipo nilipoanguka. Nusu ya kahawa ni maji, na zaidi ya nusu, na kwetu huku kila nyumba ina ya aina mbili. Nyie mmekulia uani hapo, mnayajua mapipa: la bluu la maji ya bomba, ya kunywa na kupikia, na jeusi la maji ya kisima, yenye chumvi, ya kufulia na kudekia. Mtoto wa miaka mitatu wa Temeke hakosei. Aliyekosea alikuwa na miaka arobaini na tisa na anajiita fundi.

Siku ile ya posa ya Aya, binti wa ami yenu, hamkuwepo. Nawaf ulikuwa shule ya bweni, Wahiba ulipelekwa kwao Aya ukakae na mwenzio, kwa hiyo mlilolijua ni nililowaambia mie. Wazee saba walikuja kutoka Kinondoni na barua yao, na kwa kuwa babu yenu alishatangulia na mie ndiye mkubwa, posa ikapokelewa kwenye baraza yangu. Kahawa nikasema simwachii mtu. Bomba lilikuwa kavu siku nne. Mama yenu asubuhi akanifuata, maneno yake nayakumbuka kama dua: "Baba Nawaf, pipa la bluu leo nimelitia ya kisima, wageni wasikose ya kunawa. Maji matamu ni yale ya ndoo yenye kifuniko, chini ya meza." Nikamwambia, "Mama Nawaf, ngedere hafundishwi kupanda mti." Nikatoka nikaenda kuwapigia wale wazee hadithi ya tembo wa Albano. Hadithi ikanoga, nikaisimamisha katikati, nikakimbia uani, mkono ukaenda wenyewe kule ulikozoea miaka yote, kwenye pipa la bluu.

Mama yenu akaniona natoka na dele, akasema, "Umeonja?" Nikapaza sauti ili barazani wasikie, nikasema, "Fundi haonji, fundi hunusa!" Wazee wakacheka. Nikamimina, saba, na cha Jaffar cha nane.

Mzee wao, mwenye kofia ya kiua, akatia mdomoni, akasita, akameza kwa adabu, akakiweka kikombe chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Wa pili akaweka. Wa tatu akakohoa mpaka kofia ikamtoka. Kahawa ya chumvi, wanangu, mbele ya barua ya posa! Wakaona wanafukuzwa kwa tabasamu. Yule mzee akaikunja barua yake, akasema kwa upole ule unaokata kuliko kisu, "Ndugu zetu, nyumba isiyoonja inachompa mgeni, itatukabidhije mwana?" Wakaaga. Viatu saba vya kulia na saba vya kushoto vikaondoka mlangoni, na mie nimesimama na dele.

Jaffar akanigeukia, uso umemwiva. "Kaka, maji kateka nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno la herufi tatu. Mie. Herufi tatu tu, hata darasa la tano linatosha. Lakini nilikuwa nimejisifu kwa saa nzima, na mwenye kujisifu akishapanda juu ngazi huiondoa mwenyewe. Mama yenu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kashata. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Muulize shemeji yako."

Alinitazama mara moja. Mara moja tu. Angeweza kusema, maana ndoo ilikuwa pale chini ya meza, imejaa, kifuniko juu yake, shahidi asiyehongeka. Badala yake akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe shemeji, nimekosa mie." Ndipo Jaffar akalitoa lile neno mnalolijua, mlilolibeba mpaka leo: "Ndiyo faida ya kuoa mtu usiyejua kwao wanakunywa nini." Akatoka. Aya akaja kuolewa na mwingine, miaka miwili baadaye, kadi haikutufikia.

Nawaf, uliporudi likizo ukasikia jinsi ami yako alivyomtukana mama yako, ukaapa hutakanyaga mlango wake, na miguu yako imetunza kiapo kuliko wengi wanavyotunza swala. Nilikuona. Nikanyamaza. Leo nakwambia, jiwe alilirusha yeye, kweli, lakini aliyeliokota na kumtia mkononi ni mie. Kila Idi nilikuwaga nasema, Idi hii nitasema. Idi zikapita kumi na nane. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mie nilijikwaa ulimi halafu nikaketi juu ya jiwe lenyewe ili watu wasilione.

Na jingine. Mnadhani mama yenu anapenda chai. Hapendi. Tangu siku ile hajatia kahawa mdomoni, na hajagusa kikaango, mkasema basi tu, kahawa ni mambo ya baba. Haya, baba huyu alipomuoa Mauwa alikuwa anaunguza buni mpaka majirani wanakuja mbio na ndoo. Kuzilaza usiku mmoja, kanifundisha yeye. Kuvuta pumzi kumi, yeye. Rangi ya mninga, yeye. Kikaango chenyewe alikuja nacho kutoka kwao, kimefungwa kwenye kanga, kizito kuliko begi lake la nguo. Nimesimama juu ya mabega ya mwanamke miaka thelathini nikiwaambia watu mie mrefu.

Mauwa, usitoke. Kaa. Kaa hapa nikuone.

"Nilijua utasema," mwasikia anavyosema? "Ila sikujua utangoja mpaka ulazwe chali." Sawa, mke wangu. Pigilia, ni haki yako. Nisamehe. Si kwa kichwa tu, nisamehe kwa mdomo, watoto wasikie na simu isikie... Alhamdulillahi. Kasema. Nawaf, imeingia? Haya.

Sasa kwa nini nasema Jaffar atakuja? Kwa sababu nimekwenda kwake. Mwezi uliopita, siku ile mliyodhani nipo kliniki, nilikwenda Mbezi Beach. Nilikaanga mwenyewe kwa kujificha, nikanunua chupa mpya isiyo na harufu ya chai, nikachemsha maji ya ndoo, na nikaonja. Nilionja mara tatu, mie, fundi. Nikakodi bajaji, dereva kijana mwema, kila tuta anasema "pole mzee" kama yeye ndiye aliyelijenga. Nikagonga geti. Akafungua mwenyewe. Kaota mvi, Jaffar, mdogo wangu niliyekuwa nambeba mgongoni kwenda madrasa, kaota mvi na mie sikuwepo kuzitania.

"Kaka," akasema.

Nikamwambia, "Yale maji niliyateka mie. Mauwa alinikanya." Nikamimina kikombe, nyingine nikakimwagia kiatu changu. Akanywa palepale getini, kasimama. Halafu akanyoosha kikombe, akasema, "Ongeza." Nikaongeza. Basi msimwogope. Mtu aliyesema ongeza ameshaingia nusu ya mlango.

Kwa hiyo sikilizeni maagizo yangu, pumzi inaanza kuniuzia kwa rejareja. Nikishafumba macho, atakayempigia Jaffar ni wewe Nawaf, si mwingine. Uanze na shikamoo, usianze na msiba. Siku ya tatu kaangeni... hapana, ya pili, zilale, ya tatu mtwange. Wahiba akaange, Nawaf atwange, msibadilishane mkaanza ligi. Maji ya ndoo. Muonje. Wallahi muonje. Mama yenu atakuwa edani, hatatoka mbele za wanaume, sawa. Kikombe cha kwanza kipelekwe chumbani kwake, Wahiba umpelekee kwa mikono miwili, anywe yeye kwanza, na dele lisitoke uani mpaka akubali. Akishakubali, Nawaf usimame barazani, mbele ya watu wote, useme kwa sauti: Mama kaonja, kasema sawa. Useme na kwamba siku ile maji aliteka baba. Usione aibu, nitakuwa nimeshalala, aibu yangu haitanifika. Kikombe cha pili ni cha Jaffar.

Kikaango ni cha Mauwa, kimerudi kwa mwenyewe. Kinu cha Wahiba. Dele lako, Nawaf, usiligeuze pambo la kabatini. Vikombe ni ishirini na kimoja, kimoja kina ufa, hicho... hicho kaeni nacho, asipewe mgeni.

Niinueni kidogo. Hapo. Hapo basi.

Mungu awape mkate wa halali, awape majirani wenye kupiga hodi, awape ndimi fupi kuliko yangu. Awape ndoa msizozificha. Mama yenu mumpende kwa sauti, msimpende kimyakimya kama mie. Mkigombana, na mtagombana, mgombane mkiwa mmeketi. Nawaridhia. Nimewaridhia wote wawili, radhi isiyo na... isiyo na mkia.

Zima sasa. Hapana. Usizime, Nawaf. Sogeza.

Lile la Jaffar. Geti alifungua, kweli. Alinywa kasimama, kweli, mpaka machicha, akanirudishia kikombe kitupu, naapa, kitupu, nimekiona. Lakini "ongeza"... hakusema. Alinitazama, akafunga geti. Hilo nililitia mie. Kwenye bajaji, narudi. Nililitaka mno, nikalisikia.

Akimaliza kimoja, cha pili mmiminieni. Msingoje aombe.